Wakwe Wawili wa Doudou: Mapenzi, Utiifu na Lugha ya Ukwe katika Tamthilia ya Kichina Iliyotiwa Sauti za Kiswahili

Ikisiri

Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa kwa Kiswahili na Shirika la Utangazaji Tanzania kuanzia mwishoni mwa 2011, imezungumzwa zaidi na wanadiplomasia kuliko wahakiki. Makala haya yanaisoma kama matini ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba utiifu wa mke kwa mama wa mumewe, ambao ndio mhimili wa hadithi, haukuwa na makao katika fasihi ya Kiswahili ya pwani, lakini unayo katika desturi za bara. Mfano unaochukuliwa ni wa nyanda za juu za Kigoma, hususan Kakonko na jirani zake Kibondo na Kasulu. Hata hivyo, ujamaa huo wa bara na China una mtego wake, nao umejificha katika jina la tamthilia.

Opera ya Geneva, tamthilia ya Dar es Salaam

Mwaka 1954 Zhou Enlai alikwenda Geneva kuiwakilisha China katika mkutano uliojadili Korea na Indochina. Miongoni mwa vitu ambavyo ujumbe wake uliwaonyesha wageni ni filamu ya opera, Liang Shanbo na Zhu Yingtai. Hiyo ni opera ya aina ya Yueju, sanaa iliyochipuka mkoani Zhejiang mwanzoni mwa karne ya 20 na kukomaa Shanghai mikononi mwa waimbaji wanawake. Zhu Yingtai anavaa mavazi ya kiume ili apate kusoma, na kwa miaka mitatu anakaa darasa moja na Liang Shanbo bila kijana huyo kugundua siri. Anaporudi nyumbani anakuta baba yake amekwisha kumwahidi mwanamume mwingine. Liang anakufa kwa huzuni. Siku ya harusi Zhu anasimamisha msafara kaburini kwake, kaburi linafunguka, naye anaingia, kisha wawili hao wanatoka wakiwa vipepeo. Zhou alielekeza kwamba wageni waambiwe tu kuwa hii ni Romeo na Juliet ya Kichina, na ukumbi ukatulia.

Karibu miaka 60 baadaye, tarehe 25 Machi 2013, Rais Xi Jinping alihutubia katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Naye alitaja kazi ya sanaa inayohusu mapenzi. Safari hii haikuwa opera wala haikuwa na kaburi. Ilikuwa tamthilia ya televisheni ya vipindi 36 iliyoandikwa na Wang Liping na kuongozwa na Liu Jiang, ambayo Redio China Kimataifa ilikuwa imeitia sauti za Kiswahili. Xi alisema kuwa kupitia kwayo watazamaji wa Tanzania wamepata kuonja furaha na karaha za maisha ya kawaida ya familia ya Kichina. Neno lenyewe, tamthilia, linafaa kuangaliwa kidogo. Mhakiki wa fasihi huliona jukwaa na maandishi, ilhali mtazamaji wa Tanzania akilisikia huona mfululizo wa kila jioni. Katika makala haya limetumiwa kwa maana ya mtazamaji.

Umbali kati ya kazi hizo mbili ni mkubwa kuliko tofauti ya kuimba na kusema. Katika opera, mapenzi ni ya watu wawili na uaminifu hupimwa kwa kifo. Familia ni kizuizi, nayo hushindwa pale kaburi linapopasuka. Katika Doudou, mapenzi ya wawili yanamalizika mapema, kwa maana kwamba wanapendana na wanaoana, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mao Doudou ni muuguzi. Mumewe, Yu Wei, ni mtoto wa wazazi walioachana, na baba yake ameoa tena. Kwa hiyo Doudou anajikuta akiwa na mama mzazi wa mumewe upande mmoja na mama wa kambo wa mumewe upande wa pili, wanawake wawili wasioivana, kila mmoja akihesabu nani kapelekewa nini na nani kapigiwa simu kwanza. Uaminifu wa Doudou kwa mume unapimwa kwa subira yake kwa wanawake hao. Zhu Yingtai alihitaji kufa mara moja. Doudou anahitaji kustahimili vipindi 36.

Kwa nini opera haikuja na tamthilia ikaja? Sababu moja ni ya kiisimu. Kichina ni lugha toni, na katika opera za Kichina mwendo wa sauti ya wimbo hufungamana na toni za maneno. Ukiondoa maneno, wimbo unabaki bila mifupa. Ndiyo maana opera husafiri na maandishi chini ya picha, ilhali mazungumzo ya sebuleni yanaweza kuvuliwa Kichina na kuvikwa lugha nyingine. Inafurahisha kukumbuka kwamba Kiswahili hakina toni, lakini Kiha kinazo, kama ilivyo Kirundi. Sikio la Kakonko lingekuwa tayari kwa opera kuliko lugha iliyotumika kulifikia. Tena, mbinu kuu ya hadithi ya Zhu, yaani kuficha jinsia, ingepita katika Kiswahili bila tabu yoyote, kwa kuwa yeye wa Kiswahili, kama ta ya Kichina inayotamkwa, haimtengi mwanamume na mwanamke. Mfasiri wa Kiingereza ndiye mwenye kazi.

Kilichoachwa katika jina

Jina la Kichina la tamthilia ni Xifu de meihao shidai. Kwa Kiswahili cha moja kwa moja ni "Enzi njema ya mkazamwana". Xifu ni mke wa mwana, mwanamke anayetazamwa kutoka katika nyumba ya wakwe zake. Shidai ni enzi, zama, kipindi cha historia. Jina lina dai ndani yake, tena dai la kihistoria. Wachina wana msemo kwamba mkazamwana huchemshwa miaka mingi hata naye awe mavyaa, yaani mateso ya kijana hulipwa kwa mamlaka ya uzeeni. Kutangaza kwamba sasa ni enzi njema ya mkazamwana ni kusema kuwa chungu hicho kimeepuliwa. Anayeangalia kwa jina hilo anajiuliza tangu kipindi cha kwanza kama dai hilo ni kweli au ni kejeli.

Jina la Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, limeacha enzi, limeacha wema, na limemwacha mkazamwana. Limeweka mtu na jamaa zake. Isidhaniwe kuwa Kiswahili kilikosa maneno. Mkazamwana lipo, mkamwana lipo, na kwa upande wa pili lipo mavyaa, neno la zamani la pwani kwa mama mkwe, pamoja na bavyaa kwa baba mkwe. Lugha yenye wifi na shemeji haiwezi kushtakiwa kwa uhaba wa istilahi za ukwe. Wafasiri walichagua mama mkwe kwa sababu inayoeleweka: kila msemaji wa Kiswahili kutoka Mombasa hadi Kasulu analielewa, ilhali mavyaa kwa vijana wengi wa bara ni neno la kamusi. Uamuzi huo hauwezi kulaumiwa kama uamuzi wa utangazaji.

Lakini una gharama. Mkwe ni neno la pande mbili. Mama wa mume ni mkwe wa Doudou, na Doudou ni mkwe wa mama huyo. Kichina hakina usawa huo. Mama wa mume ni popo, mama wa mke ni yuemu, mke wa mwana ni xifu, na kila neno lina ngazi yake. Mavyaa na mkazamwana yangehifadhi ngazi hizo, kwa kuwa mavyaa hawezi kumwita mkwewe mavyaa. Kwa kutumia mkwe, Kiswahili kimewaketisha wanawake hao kwenye mkeka mmoja hata kabla hadithi haijawapatanisha. Upatanisho ambao Kichina kinaujenga kwa vipindi vingi, sarufi ya Kiswahili inautoa bure katika jina.

Wapi utiifu kwa mavyaa unakaa

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anapotafuta kazi ya kulinganisha na tamthilia kuhusu utiifu wa mke, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wasia wa Mwana Kupona binti Msham kwa bintiye. Ulinganisho huo una faida, lakini faida yake iko pale unapogoma. Mwana Kupona anamhesabia binti wale ambao radhi zao ni lazima: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Ni watano. Mavyaa hayumo.

Mwanzoni mwa karne ya 2, mwanamke mwingine msomi, Ban Zhao wa enzi ya Han, aliandika kitabu kifupi cha maonyo kwa wasichana wa nyumba yake kiitwacho Nüjie. Kina sura 7. Moja kati ya hizo inahusu namna ya kuinama mbele ya wazazi wa mume, hata pale mavyaa anapokosea. Wanawake wawili, bahari mbili, miaka zaidi ya 1,700 kati yao, wote wakiwaandikia mabinti kuhusu ndoa. Mmoja anamtengea mama mkwe sura nzima, mwingine hamtaji katika orodha yake. Tofauti hiyo si ya bahati. Katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, ambako waungwana walizoea kumpa binti nyumba na mume akahamia humo, mavyaa hakuwa mwenye jiko. Binti alibaki karibu na mama yake mwenyewe. Fasihi iliyotoka katika nyumba hizo ilimfikiria mke mbele ya mume na mbele ya Mungu. Haikuwa na sababu kubwa ya kumfikiria akisonga ugali katika jiko la mwanamke mwingine.

Kwa hiyo Doudou anapozungumza Kiswahili, anazungumza lugha ambayo utanzu wake mkongwe zaidi wa utiifu wa mke hauna kiti cha mtu anayemhangaisha. Ndiyo sababu ni kosa kuisoma tamthilia hii kama Mwana Kupona wa Kichina. Wema wa Doudou si ule wa mke anayetaka radhi za mume ili apate Pepo. Ni kazi ya upatanishi, na mume mara nyingi ni mtazamaji wake tu.

Kiti hicho kipo, ila si pwani. Kakonko ilipata hadhi ya wilaya mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Kibondo, lakini ni nchi kongwe: ni sehemu ya Buyungu, mojawapo ya tawala za jadi za Waha. Waha hufuata ukoo wa baba, na mke huhamia upande wa mume. Jiko la kwanza analolijua bibi harusi ni jiko linalotawaliwa au kuangaliwa na mama wa mumewe. Katika lugha za ukanda huo ukwe una msamiati wake uliosimama peke yake: Kirundi, ndugu wa karibu sana wa Kiha, humwita mama mkwe mabukwe na baba mkwe databukwe, na katika jamii za Burundi na Rwanda imeelezwa desturi ya mke kuepuka kutamka majina ya wakwe zake. Msikilizaji aliyelelewa katika mazingira kama hayo hahitaji kuelezwa kwa nini Doudou anapima neno kabla ya kulitoa. Anamwelewa kabla ya Kiswahili kumfasiria. Kwa namna ya ajabu kidogo, tamthilia iliyopita Beijing na Dar es Salaam ilikuwa inaelekea nyumbani ilipopanda nyanda za juu.

Mtego wa wingi

Hapa inafaa mhakiki asifurahie mapema. Ujamaa huo wa bara unafungua mlango na wakati huohuo unafunga dirisha.

Kiini cha uchekeshaji wa tamthilia katika Kichina ni wingi. Kuwa na popo mmoja ni hali ya kawaida. Kuwa nao wawili ni mkosi na ni jambo la mjini, la kisasa, la talaka. Nyuma ya mama wakwe wawili wa Doudou kuna ndoa iliyovunjika, aibu ambayo kizazi cha wazazi wake hakikuizoea, na swali ambalo maadili ya zamani hayakuliandalia jibu: utiifu wa mtoto unagawanywaje baba anapoanzisha nyumba ya pili na ya kwanza bado iko hai? Ban Zhao hana sura ya jambo hilo. Enzi njema inayotajwa katika jina ni pamoja na enzi ya fujo hii.

Sasa jina la Kiswahili lisomwe kwa sikio la bara. Mama wakwe zake. Katika jamii ambamo ndoa ya mitala inajulikana na haishangazi, mama wakwe wawili ni familia, hakuna mkosi hapo. Mume ana mama mzazi na ana mama mdogo, wote ni wake za baba, wote wanastahili heshima, na ugomvi wao una jina tangu zamani: uke wenza. Viambishi vyenyewe havipingi usomaji huo. Wakwe zake ni wingi wa kawaida wa majina ya ujamaa, sawa na wake zake. Kinachochekesha kwa Kichina kwa kuwa hakijazoeleka, kwa Kiswahili cha bara kinachekesha kwa kuwa kimezoeleka mno. Mtazamaji anacheka palepale, ila anacheka kitu kingine. Baba ambaye katika Kichina ameacha mke, katika usomaji huu ameongeza mke, na mama wa kambo, neno ambalo ngano za Kiswahili zimelijaza ukatili, analainika na kuwa mama mdogo.

Je, hilo ni hasara? Kwa anayepima tafsiri kwa uaminifu kwa matini chasili, ni hasara. Lakini upo usomaji wa pili ulio na haki yake. Hadithi ya mke kijana anayekataa kuchukua upande kati ya wake wawili wa baba mkwe, na kwa kukataa huko anaigeuza nyumba nzima, ni hadithi nzuri kwa Kakonko, pengine nzuri kuliko ile ya talaka ya mjini. Tatizo ni kwamba usomaji huo haukukusudiwa na mtu yeyote. Umetokea kwa sababu lugha haikuwekewa alama za kuuzuia au kuukaribisha. Sifa ya kuelewana kwa mataifa iliyotolewa mwaka 2013 inategemea dhana kwamba watu walitazama kitu kimoja.

Bei ya kuita mama

Jambo moja zaidi linaonyesha tatizo hilo katika neno dogo kabisa. Katika harusi nyingi za Kichina kuna tendo liitwalo gaikou, yaani kubadili mdomo. Hadi siku hiyo bibi harusi alimwita mama wa mchumba wake shangazi, kama anavyomwita mwanamke yeyote wa makamo. Siku hiyo anampa kikombe cha chai na kumwita mama. Mavyaa anaitika, kisha anamkabidhi bahasha nyekundu yenye fedha. Neno limelipiwa. Harusi za pwani ya Waswahili zilijua kifungua mlango na zilijua kipa mkono, lakini hazikuwahi kulipia mdomo, kwa sababu mdomo wa Kiswahili tayari humwita kila mwanamke wa makamo mama: mwalimu, muuza nyanya, mke wa jirani, na mama wa mchumba tangu siku ya kwanza ya kufika kwao.

Hadithi yenye mama wakwe wawili husimama au huanguka juu ya swali la nani anaitwa mama na lini. Kwa Kiswahili cha sauti zilizoingizwa swali hilo haliwezi kuulizwa, kwa sababu jibu limetolewa kabla. Kirundi, na pamoja nacho familia ya lugha ambayo Kiha ni sehemu yake, kingekuwa na nafasi zaidi: humo mama ni wangu tu, nyina ni wake, nyoko ni wako. Hilo la mwisho, neno la heshima ya kawaida nyanda za juu, pwani ni tusi. Hakuna mtangazaji ambaye angethubutu kuligusa, na ni sawa. Lakini linaonyesha kwamba mtazamaji wa bara anakuja na sarufi ya umama iliyo kali kuliko ile aliyopewa na televisheni.

Kiswahili chenyewe, bila kukopa popote, kina njia ambayo haikuhitaji ujasiri wowote. Katika Tanzania yote mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kabla ya ndoa mama mzazi wa mume angeweza kuwa Mama Wei. Baada ya ndoa, mama, bila nyongeza. Mama wa kambo angebaki na kiambatisho chake hadi siku Doudou mwenyewe atakapoamua kukidondosha. Kudondoka kwa neno moja kungefanya kazi ya bahasha nyekundu, na sikio la Kakonko au la Kinondoni lingelisikia bila maelezo. Pia kungezuia mitala isijiingize yenyewe, kwa kuwa Mama Wei ni mmoja tu.

Kuna ulinganisho mmoja ambao wafasiri wa runinga wangefaidika nao, nao uko chini ya pua zao. Kabla na sambamba na tamthilia hizi, vibanda vya video vya miji midogo ya Tanzania vilikuwa na wasimulizi wa filamu waliotia Kiswahili juu ya sauti ya asili, maarufu wao akiwa marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye sanaa yake imechunguzwa na Matthias Krings. Msimulizi wa aina hiyo hakujifanya mhusika. Alisimama kando ya picha, akafasiri, akatania, akafafanua desturi ngeni, na pale ambapo neno la kigeni halikuwa na mwenzake alisema hivyo waziwazi na kuendelea. Mwanamke kwenye skrini anapomwita mwenzake mama kwa mara ya kwanza, angeweza kusema kwa pumzi moja kwamba neno hilo limelipiwa leo. Sauti iliyoingizwa haina pumzi hiyo. Imebanwa na midomo ya waigizaji, na kila inachosema kinapaswa kuonekana kana kwamba kilisemwa na Doudou mwenyewe.

Uingizaji sauti uliendelea kukua baada ya Doudou. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti za Kiswahili nchini Tanzania na kuwapeleka washindi Beijing, na ahadi iliyotolewa Johannesburg mwishoni mwa 2015 ya kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika ilimaanisha kuwa watazamaji wapya wangekuwa hasa wa vijijini, watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili na ukwe ni desturi yao ya kwanza. Vigezo vya kuwapata waigizaji vilikuwa ufasaha wa matamshi na uwezo wa kuigiza hisia. Vyote ni vya lazima. Lakini maswali ya nani anamwita nani mama, kuanzia kipindi kipi, na kwa kiambatisho gani, hayajibiwi mbele ya kipaza sauti; hujibiwa mezani, kwenye mswada, na mtu anayejua tofauti kati ya mavyaa, mama mkwe na mabukwe.